Viunganishi vya kubana katika ndege za kuundwa nyumbani

Kiunganishi cha kubana ni kipande kidogo cha metali kinachofungwa kwenye ncha ya waya wa umeme kwa kuminywa na koleo maalumu, bila kutumia lehemu. Katika ndege za kuundwa nyumbani, yaani ndege ndogo zinazoundwa na watu binafsi kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha, viunganishi vya namna hii hutumika karibu kila mahali: kwenye swichi, fyuzi, redio, taa, vipima joto vya injini na antena.

Ubora wa kiungo hutegemea kulingana kwa vitu vitatu: waya, kiunganishi na koleo. Kimoja kisipolingana na vingine, kiungo huweza kuonekana kizuri na hata kupitisha umeme siku ya majaribio, kisha kikalegea baada ya saa nyingi za mtetemo angani. Ubovu huo mara nyingi hauonekani kwa macho baada ya kazi kumalizika. Ndiyo maana waundaji hushauriwa kuhakiki mbinu yao kwa vipande vya majaribio kabla ya kugusa nyaya za ndege yenyewe.

## Usuli

Nchini Marekani ndege za kuundwa nyumbani husajiliwa na mamlaka ya usafiri wa anga (FAA) katika kundi la ndege za majaribio, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, imefanywa na waundaji wenyewe. Chama kikuu cha waundaji hao ni Experimental Aircraft Association (EAA), kilichoanzishwa mwaka 1953 na Paul Poberezny huko Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Siku hizi makao yake yako Oshkosh katika jimbo hilohilo. Nchini Uingereza kazi ya namna hii husimamiwa na Light Aircraft Association, ambayo wakaguzi wake huitazama ndege katika hatua mbalimbali za kuundwa.

Waundaji wengi hununua vipande vilivyokwisha kukatwa kiwandani, kwa mfano vile vya kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon. Hata hivyo, nyaya za umeme kwa kawaida hupangwa na kuunganishwa na mwenye ndege mwenyewe. Ndege moja ndogo yenye redio na vioo vya kisasa vya taarifa huweza kuwa na mamia ya ncha za waya, na kila ncha ni kiungo kinachoweza kushindwa.

Uzito wa jambo hili umeongezeka kadiri ndege ndogo zinavyotumia umeme zaidi. Injini za zamani za ndege hupata cheche kutoka kwa magineto, ambayo hujizalishia umeme wake na huendelea kufanya kazi hata betri ikizimwa. Injini yenye mfumo wa cheche wa kielektroniki unaolishwa na betri, au yenye pampu ya umeme ya kusukuma mafuta, huweza kuzimika umeme unapokatika. Kwa hiyo pini moja iliyobanwa vibaya inaweza kumlazimisha rubani kutua mahali asipopataka.

## Historia

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia nyaya nyingi ziliunganishwa kwa lehemu au kwa kukazwa chini ya skurubu. Mwaka 1941 Uncas A. Whitaker alianzisha nchini Marekani kampuni iliyojulikana kama Aircraft-Marine Products, baadaye AMP, ambayo iliuza viunganishi visivyohitaji lehemu kwa ajili ya ndege na meli. Kubana kulikuwa na faida kubwa viwandani: kazi ilikwenda haraka, haikuhitaji moto, na mfanyakazi aliyefundishwa kwa muda mfupi aliweza kutoa viungo vinavyofanana. Bidhaa za AMP leo ziko chini ya kampuni ya TE Connectivity.

Mwaka 1952 kampuni ya Cannon ilianzisha kiunganishi chenye umbo la herufi D, ambacho baadaye kilienea katika kompyuta na katika vyombo vya ndege. Vyombo vingi vinavyotumika katika ndege za kuundwa nyumbani, vikiwemo vya Garmin na Dynon, bado huunganishwa kwa viunganishi vya umbo hilo.

## Jinsi kiungo kinavyofanya kazi

Waya wa ndege si mmoja mzima bali ni fungu la nyuzi nyembamba za shaba. Nyuzi hizo huingizwa katika mrija mfupi wa kiunganishi, kisha koleo huuminya mrija kwa nguvu. Metali ya mrija na ya nyuzi hupondeka na kubadilika umbo, nafasi zilizokuwa kati ya nyuzi hutoweka, na utando mwembamba wa oksidi juu ya metali huvunjika. Matokeo yake ni metali kugusana na metali kwa mkazo wa kudumu, bila nafasi ya hewa wala unyevu kupenya. Kiungo cha namna hiyo hakishiki kutu kwa ndani, na ukinzani wake hubaki mdogo kwa miaka mingi.

Umuhimu wa ukinzani mdogo huonekana kwa hesabu rahisi. Joto linalozalishwa katika kiungo ni zao la ukinzani na mraba wa mkondo. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.001 kikipitisha ampea 10 huzalisha wati 0.1 tu, joto lisilohisika. Kiungo kilicholegea chenye omu 0.05 huzalisha wati 5 kwa mkondo huohuo. Katika kipande kidogo kuliko punje ya mahindi, wati 5 zinatosha kulainisha plastiki, na joto hilo huzidi kulegeza kiungo.

### Kubana na kulehemu

Kiungo cha lehemu kilichofanywa vizuri hupitisha umeme vizuri pia. Tatizo lake katika ndege ni kwamba lehemu iliyoyeyuka hupanda kati ya nyuzi na kuufanya waya kuwa mgumu kama msumari. Mahali ugumu huo unapoishia na ulaini kuanza, mtetemo hukunja waya maelfu ya mara hadi unakatika. Kwa sababu hiyo kiungo cha lehemu lazima kishikiliwe kwa mrija unaosinyaa kwa joto au kwa kamba, ili waya usicheze mahali hapo. Kuongeza lehemu juu ya kiungo kilichokwisha kubanwa hakushauriwi: hakukiongezei ubora kiungo kizuri, na huleta ugumu ule ambao kubana kulikusudiwa kuuepuka.

## Waya

Nyaya za ndege hupimwa kwa kipimo cha waya cha Kimarekani (AWG), ambacho namba yake hupungua waya unapokuwa mnene. Waya wa namba 22 una eneo la shaba la mm² 0.33, na wa namba 10 una mm² 5.3.

Waya unaotumika zaidi ni ule wa kiwango cha AS22759/16, ambao zamani uliitwa MIL-W-22759/16. Nyuzi zake za shaba zimepakwa bati, na ganda lake ni la plastiki aina ya ETFE, inayojulikana kibiashara kama Tefzel. Waya huo unastahimili joto hadi sentigredi 150 na volti 600. Waya wa kawaida wa magari wenye ganda la PVC hauchaguliwi, kwa kuwa PVC ikiungua hutoa moshi wenye sumu, na katika chumba kidogo cha rubani hakuna pa kuukimbilia.

Ganda la ETFE ni jembamba na gumu. Koleo la kuchunia waya wa nyumba huweza kulikwangua bila kulikata, au kulikata pamoja na nyuzi za ndani. Mwongozo wa FAA wa AC 43.13-1B, unaotumiwa sana na waundaji, huruhusu waya mwembamba wa nyuzi 19 kuwa na nyuzi 2 tu zilizokwaruzwa, na hauruhusu uzi hata mmoja kukatika.

## Aina za viunganishi

### Kiunganishi cha pete

Hiki huwekwa chini ya skurubu au nati. Kwa kuwa pete huzunguka skurubu yote, waya hautoki hata nati ikilegea kidogo. Kiunganishi chenye umbo la uma huchomoka kwa urahisi zaidi, hivyo huepukwa katika ndege. Mwongozo wa AC 43.13-1B hauruhusu zaidi ya viunganishi vinne juu ya skurubu moja.

### Kiunganishi cha ulimi

Hiki huchomekwa kwenye ulimi bapa wa swichi au wa kisanduku cha fyuzi. Upana wa kawaida wa ulimi ni mm 6.35. Kikiwa cha ubora mzuri hushika kwa nguvu na hubadilishwa bila bisibisi. Kinachochomoka kwa kuguswa tu kinapaswa kutupwa.

Viunganishi vya pete na vya ulimi huuzwa vikiwa na ganda la plastiki lenye rangi inayoonyesha unene wa waya: nyekundu kwa namba 22 hadi 16, buluu kwa namba 16 na 14, na njano kwa namba 12 na 10. Rangi hizohizo huonekana pia katika maduka ya vipuri vya magari, lakini rangi haielezi ubora. Kiunganishi cha ndege, kwa mfano cha aina ya PIDG, kina ganda la nailoni na ndani yake bomba dogo la shaba linalolishika ganda la waya baada ya kubanwa. Hivyo waya hushikwa mara mbili: nyuzi hushikwa na mrija, na ganda hushikwa na bomba. Mshiko huo wa pili ndio unaozuia mtetemo usifike kwenye nyuzi. Viunganishi vya bei rahisi vyenye ganda la PVC kwa kawaida havina bomba hilo, na plastiki yake hulegea kwa joto.

### Pini za kiunganishi cha umbo la D

Pini bora hukerezwa kutoka metali nzima na hupakwa dhahabu. Zinazotumika sana ni pini jike M39029/63-368 na pini dume M39029/64-369, zinazopokea waya wa namba 20, 22 au 24. Tarakimu tatu za mwisho huandikwa juu ya pini kwa mistari ya rangi, kwa utaratibu uleule wa rangi za vikinza vya redio: 3 ni chungwa, 6 ni buluu, 8 ni kijivu na 9 ni nyeupe. Hivyo pini jike ina chungwa, buluu na kijivu, na pini dume ina chungwa, buluu na nyeupe. Ubavuni mwa mrija kuna tundu dogo la ukaguzi ambalo nyuzi lazima zionekane ndani yake.

### Pini zenye mabawa

Pini hizi hukatwa kutoka bati jembamba na kukunjwa. Zina jozi mbili za mabawa: jozi ya mbele hushika nyuzi, na ya nyuma hushika ganda. Hupatikana katika makasha ya plastiki ya taa na ya injini ndogo za umeme, kama yale ya Molex. Ni rahisi kwa bei, lakini zinahitaji koleo linaloyakunja mabawa kuelekea ndani mpaka ncha zake zizame kati ya nyuzi.

### Kiunganishi cha waya kwa waya

Hiki huunganisha nyaya mbili kichwa kwa kichwa. Hutumika kwa uchache, kwa kuwa kila kiungo cha ziada ni mahali pengine pa kuharibika. Kanuni ya kawaida ni kutoweka zaidi ya kimoja katika kipande cha waya kati ya vituo viwili. Vinapokuwa vingi katika fungu moja, hupangwa kwa kupishana ili fungu lisivimbe na visigusane.

### Kiunganishi cha antena

Waya wa antena una kiini, kizio, na wavu wa metali unaokizunguka. Kiunganishi chake, mara nyingi cha aina ya BNC, hubanwa mara mbili: pini ya katikati juu ya kiini, kisha kola juu ya wavu kwa koleo lenye umbo la pembe sita. Uzi mmoja wa wavu ukigusa pini ya katikati, redio hushindwa kurusha mawimbi na huenda ikaharibika. Waundaji wengi huchagua waya wa RG-400 badala ya RG-58, kwa kuwa una wavu mara mbili na unastahimili joto zaidi. Zote mbili ni za omu 50.

## Koleo

Koleo la kawaida la kufinyia huacha nguvu ya kubana iamuliwe na mkono wa mtumiaji, ambao jioni huwa umechoka kuliko asubuhi. Koleo la racheti lina meno yanayolizuia kufunguka mpaka mzunguko wa kubana ukamilike, hivyo kila kiungo hupata nguvu ileile.

Umbo la kinywa cha koleo ni muhimu kuliko bei yake. Kinywa cha viunganishi vyenye ganda la rangi kina sehemu mbili zenye vina tofauti, moja ya mrija na nyingine ya ganda la waya. Pini zenye mabawa zinahitaji kinywa chenye umbo la herufi M. Pini zilizokerezwa hubanwa na koleo lenye meno manne yanayosukuma kutoka pande nne kwa pamoja. Koleo la kiwango cha namna hiyo ni M22520/2-01, ambalo hufungwa kishikio cha kuweka pini mahali pake, M22520/2-08 kwa pini zilizotajwa hapo juu. Lina kirekebishio cha kina cha kubana kulingana na unene wa waya, na namba ya kuchagua huandikwa kwenye kishikio. Wapo wanaoazima koleo hilo kwa wenzao katika matawi ya vyama, kwa kuwa ni ghali na hutumika kwa majuma machache tu.

## Hatua za kubana

1. Chagua waya kulingana na mkondo na urefu. Katika mfumo wa volti 14, upotevu unaokubalika kwa kifaa kinachotumika mfululizo ni volti 0.5. Waya wa namba 22 una omu 0.053 hivi kwa kila mita. Mita 3 zikipitisha ampea 2 hupoteza volti 0.32, kiasi kinachokubalika.
2. Chagua kiunganishi cha unene huohuo. Kukunja nyuzi ziwe mbili ili zijaze mrija mpana ni njia ya dharura, si kanuni.
3. Chuna ganda kwa urefu wa mrija tu, kisha kagua nyuzi zote. Usizisokote kupita msokoto wake wa kiwandani.
4. Ingiza waya mpaka mwisho. Kwa pini, nyuzi zionekane kwenye tundu la ukaguzi, na pengo kati ya ganda na mrija lisizidi mm 1 hivi. Kwa kiunganishi cha pete au cha ulimi, ganda liingie chini ya mshiko wa pili na nyuzi zichomoze kidogo tu mbele ya mrija.
5. Weka kiunganishi katika kinywa cha rangi au namba yake, kwa upande sahihi, na minya mpaka koleo lijifungue lenyewe.
6. Vuta kwa mkono, kisha kagua kwa kioo cha kukuzia.

## Kasoro za kawaida

* Kubana kidogo. Nyuzi huchomoka au hubaki na nafasi za hewa. Sababu ni kiunganishi kipana, kinywa kisicho chake au koleo lililochakaa.
* Kubana kupita kiasi. Mrija hupasuka au nyuzi hukatwa nusu. Kiungo hupitisha umeme, lakini hukatika kwa mtetemo.
* Kubana juu ya ganda. Waya umeingizwa mno, na mrija umeshika plastiki badala ya shaba.
* Nyuzi zilizobaki nje. Uzi mmoja nje ya mrija hupunguza shaba inayopitisha mkondo, na huweza kugusa pini ya jirani.
* Pini isiyofunga katika kasha. Pini inapaswa kulia “tik” inapoingia. Isiyofunga hurudi nyuma viunganishi vinapochomekana, na kifaa hukosa umeme ingawa kiungo chenyewe ni kizima.

## Majaribio

Kiwango cha AS7928 kinataja nguvu ndogo kabisa ambayo kiungo cha waya wa shaba lazima kistahimili kikivutwa:

| Waya (AWG) | Eneo (mm²) | Rangi ya ganda | Nguvu (nyutoni) | Uzito unaolingana (kg) |
|---|---|---|---|---|
| 22 | 0.33 | nyekundu | 67 | 6.8 |
| 20 | 0.52 | nyekundu | 85 | 8.6 |
| 18 | 0.82 | nyekundu | 169 | 17.2 |
| 16 | 1.3 | nyekundu au buluu | 222 | 22.7 |
| 14 | 2.1 | buluu | 311 | 31.8 |
| 12 | 3.3 | njano | 489 | 49.9 |
| 10 | 5.3 | njano | 667 | 68.0 |

Jaribio hili halihitaji mashine. Kiunganishi hufungwa juu, na ndoo hufungwa kwenye ncha ya pili ya waya. Kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, ndoo yenye lita 9 hutosha kupima waya wa namba 20, na yenye lita 18 hutosha kwa namba 18. Maji humiminwa polepole ili waya usipate mshtuko. Kiungo kizuri hushika. Kikiendelea kuongezewa uzito, kinachotakiwa kushindwa ni waya, usikatike ndani ya mrija wala kuchomoka.

Kipande kilichovutwa hakirudishwi kwenye ndege. Kinachothibitishwa ni mchanganyiko wa waya, kiunganishi na koleo pamoja na mkono wa fundi. Kimoja kikibadilika, kwa mfano kiunganishi cha mtengenezaji mwingine, jaribio hurudiwa. Njia nyingine ni kukata kiungo katikati kwa msumeno mwembamba, kukisugua kwa msasa laini na kukitazama kwa kioo cha kukuzia: nyuzi zinapaswa kuonekana zimepondeka na kushikamana, bila matundu meusi kati yake.

## Kufunga na kukagua

Kiungo kizuri huharibika kama waya haukushikiliwa. Nyaya hufungwa pamoja na kukazwa kwenye kiunzi cha ndege karibu na kila kiunganishi, kwa kulegezwa kidogo ili zisivute pini. Mkunjo wa fungu kwa kawaida hautakiwi kuwa na nusu kipenyo kidogo kuliko mara 10 ya unene wa fungu hilo.

Kila waya hupewa alama katika ncha zote mbili, na mchoro wa nyaya huhifadhiwa pamoja na kumbukumbu za ndege. Katika ukaguzi wa kila mwaka viunganishi hutazamwa kwa dalili za joto, kama ganda lililobadilika rangi au kulainika, na kwa dalili za kutu. Kiunganishi kilicholegea hakibanwi mara ya pili. Hukatwa na kipya hubanwa juu ya shaba safi. Kwa sababu hiyo waundaji wazoefu huacha sentimita chache za ziada katika kila waya, kwani waya uliokatwa ukiwa umekaza hauna pa kuanzia upya.